Kulaza Chuma, Kugawa Kwaya

Kwaya ya dada yangu ilipoambiwa igawanywe, mimi nilikuwa nachaji simu za watu huko Saio, mtaa wa mji wa Bunia, chini ya paneli mbili za jua, na nilikuwa na muda mwingi wa kusoma. Kanisa la mtaa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Watu waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu waliliongezea misa baada ya misa, hata wengine wakawa wanasali wamesimama nje, vichwa vikiingia madirishani. Basi kikafunguliwa kikanisa cha pili upande wa Bigo. Padri akasema kwaya ipo tayari, tena ni kubwa. Ikatwe katikati, nusu ibaki Saio, nusu iende Bigo, na Pasaka ikute kila upande unaimba.

Dada yangu, ambaye hadi leo namwita yaya kama kwetu kila mdogo anavyomwita mkubwa wake, aliimba sauti ya pili. Alifika Bunia kutoka Djugu na bidoni moja, yaani dumu la maji, na kitenge alichokuwa amevaa. Mume wake alibaki huko, ardhini. Kwaya ilikuwa kitu cha kwanza alichokipata mjini ambacho hakikuwa msaada. Alisema hivyo mwenyewe: vingine vyote nilipewa, hii niliingia kwa miguu yangu.

Kulikuwa na jambo ambalo nilidhani tunalijua sisi wawili tu. Yaya hakusikia vizuri. Hakuwa kiziwi. Mimi nina sauti nzito, na nikizungumza naye ndani ya nyumba alinijibu sawasawa. Lakini sauti nyembamba zilimpita: mtoto akiita, simu ikilia, sufuria ikianza kupiga filimbi. Kila mwaka zilimpita nyingi zaidi. Katika kwaya alisimama daima kando ya mwanamke mmoja anayeuza nyanya sokoni, bega kwa bega. Muuza nyanya akivuta pumzi, yaya alihisi bega linapanda, naye akavuta. Mwenzake akifungua mdomo, naye akaufungua, akasoma neno kwenye midomo ile na kulitoa. Hivyo ndivyo alivyoimba tangu alipoingia, na hakuna aliyelalamika.

Habari ya kugawanywa ilipofika, aliniambia akiwa anamenya mihogo.

"Wakinitoa pale pembeni yake, mi naacha."

"Umwambie maestro shida yako iko nini," nikasema.

"Nimwambie nini? Kama ameweka kiziwi mu sauti ya pili? Weye usiseme kitu. Sitasimama mbele ya watu kufungua mdomo kama samaki."

Hakulia. Aliutupa muhogo ndani ya beseni, maji yakaruka, akachukua mwingine.

Maestro, yaani kiongozi wa kwaya, ni fundi umeme, mtu wa hasira fupi na masikio marefu. Alikuwa akiniletea betri ya kinanda niichaji. Juma lile alikuja, akaketi kwenye benchi ya wateja na kuanza kulalamika bila kuulizwa. Alijaribu kugawa watu kwa mitaa, akakuta karibu wote wanakaa Saio. Alijaribu kwa umri, akapata kwaya moja ya kukohoa na nyingine ya kucheka. Alijaribu kwa familia, na koo mbili zikataka zote kubaki.

"Nikigusa huyu, yule anaanguka," alisema. "Hii kwaya haina watu wanaosoma solfa. Wanaimba kwa kuegemeana. Ni kama nyumba ya miti. Ukivuta mti moja, hujui ukuta gani utakuja nayo."

Sikuwa nimemaliza sekondari; niliiacha mwaka wa pili, na tangu hapo nimefanya kazi za kila namna bila kukaa sana kwenye yoyote. Lakini tabia moja haijaniacha: nikiona karatasi yenye maandishi, naisoma. Mteja mmoja alikuwa amenikopia kwenye kadi ya simu masomo ya chuo kikuu, ya Kifaransa, kurasa nyingi ajabu. Nilikuwa nayasoma kwenye kompyuta niliyoiunganisha kutoka kompyuta tatu zilizokufa. Maneno mengi sikuyaelewa. Hata hivyo, maestro alipotaja nyumba ya miti, nilijua shida yake nimeiona kwenye kurasa zile, na ina jina. Wanaiita kugawa grafu.

Ni hivi. Una nukta, na kati ya nukta una nyuzi. Nyuzi nyingine ni nene, nyingine nyembamba. Unatakiwa kuzigawa nukta mafungu mawili yaliyo sawa, kwa kukata nyuzi chache na nyembamba iwezekanavyo. Linasikika kama fumbo la kitoto, na kwa nukta sita unalimaliza kwa vijiti vya kiberiti. Kwa kwaya ya watu arobaini na kitu, njia za kuigawa ni nyingi hivi kwamba jua lote la kiangazi juu ya paneli zangu lisingetosha kuzijaribu moja moja.

Wenye elimu hiyo wamebuni njia ya kupita kando. Wanatengeneza ndani ya kompyuta mtandao wa neva, wakiiga kwa mbali zile chembe za ubongo. Kila chembe ina hali mbili tu. Kwangu mimi, kila mwimbaji akawa chembe, na hali zake zikawa Saio au Bigo. Chembe haijui lolote kuhusu kwaya nzima. Inaangalia zile ilizofungwa nazo, inajumlisha uzito wa nyuzi, na kuhamia upande unaoivuta zaidi. Juu ya hapo kuna msukumo mdogo dhidi ya wingi: upande ukijaa, au ukiwa na besi wengi mno, kila aliye humo anahisi anasukumwa nje. Zamu inazunguka, chembe zinahama, na mwishoni hakuna anayetaka kuhama tena. Hapo unasoma jibu.

Ubaya wa mtandao huo ni haraka yake. Unatulia mapema. Kundi la watu watano linaweza kushikana upande usiofaa, kila mmoja akibaki kwa sababu wanne wengine wamebaki, na hakuna wa kutangulia kuondoka. Kila mmoja ameridhika, na jibu ni baya.

Dawa yake niliitambua kabla sijamaliza ukurasa, kwa sababu niliishi nayo msimu mzima wa mvua huko Nizi. Nilikwenda Nizi kwa ajili ya dhahabu kama wote, nikaishia kuvuta mivukuto ya mhunzi. Aliwatengenezea wachimbaji matindo kutoka springi za lori. Springi ni chuma kigumu, na ukiipiga ilivyo inaruka au inapasuka. Mhunzi aliiweka motoni hadi ikawa nyekundu kabisa, kisha hakuitia maji. Aliifukia ndani ya pipa la majivu na kuiacha ipoe polepole hadi kesho yake. "Acha kilale," alikuwa akisema. Kesho yake chuma kililegea, kikakubali tupa na nyundo. Mgeni mmoja asiye na subira alikitumbukiza chake mtoni. Chuma kililia, kikawa kikali, na tindo likavunjika kwa pigo la kwanza. Mhunzi hakumgombeza. "Weye umekiamsha mbele ya kuota," alimwambia, yaani kabla hakijaota ndoto.

Kulaza huko kwa Kifaransa kunaitwa *recuit*. Na wale wa mtandao wameuchukua moto huo na kuutia ndani ya hesabu. Mwanzoni unaipasha kwaya: unaziruhusu chembe zihame hata pale ambapo kuhama kunaziumiza, kwa bahati nasibu tu. Kisha unapunguza joto kidogo kidogo. Kadiri linavyopoa, kuhama kwa kipumbavu kunakuwa kwa nadra, mpaka kila mtu anasimama mahali pake. Lile kundi la watano lililoshikana vibaya linaachana wakati wa joto, na lina muda wa kutafuta pema kabla ya baridi.

Nilimweleza maestro haya yote kwa vifuniko vya soda juu ya benchi. Alisikiliza, jambo ambalo silo kawaida yake.

"Na hizo nyuzi utazitoa wapi?" aliuliza.

"Nitauliza watu. Kila mutu aniambie anaegemea nani wakati wa kuimba."

"Bon. Uliza."

Niliuliza. Nilizunguka baada ya mazoezi na simu mkononi, nikimwendea kila mmoja, nikijaza majibu. Katika kwaya kuna mama mmoja mzee wa sauti ya kwanza, ambaye wote humwita Doyenne. Yeye ndiye aliyeianzisha kwaya. Sauti ya kwanza walisema wanamwegemea Doyenne. Sauti ya pili wakasema Doyenne. Tena wanaume wa besi, wanaosimama nyuma kabisa na hawamsikii kwa sababu wanajisikia wenyewe, wakasema bila kusita: Doyenne. Doyenne mwenyewe nilipomuuliza alisema anamwegemea Bikira Maria.

Niliingiza majibu hayo, nikaupasha mtandao na kuupoza. Ukanipa mgawanyo. Nikarudia, ukanipa mwingine usiofanana hata kidogo na ule wa kwanza, lakini wenye hasara ileile. Nikarudia tena, vivyo hivyo. Nilidhani nimekosea kuandika. Nilichora kwenye mchanga, ndipo nikaona: nukta moja katikati, nyuzi zote zikitoka kwake kwenda kwa kila mtu, na kati ya hao wengine hakuna kitu. Nyota. Nyota ukiikata nusu kwa nusu, ukate kushoto, ukate kulia, unakata nyuzi zilezile kwa hesabu. Mtandao haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unaniambia ukweli: kwa nilichoupa, kila jibu ni sawa.

Maestro alicheka hadi akashika nguzo ya paneli.

"Umeuliza mama wa wajukuu kumi, mbele ya watu, kama anashikwa na nani! Unataka aseme, mimi nashikwa na huyu mutoto wa kando? Kwetu heshima haiwezi kuegemea chini. Watu wamekupa heshima. Hawakukupa kwaya."

"Sasa tufanye nini?"

"Usiulize mutu anaegemea ukuta gani. Toa ukuta."

Hivyo ndivyo tulivyofanya majuma yaliyofuata ya Kwaresima. Wakati wa wimbo, maestro alimtuma mtu mmoja nje: nenda kachote maji, nenda kaangalie pikipiki yangu, mama pumzika kidogo kwenye kivuli. Kwaya iliendelea. Maestro alifumba macho, akanyoosha kidole kuelekea kila sauti iliyotetereka, na mimi nikaandika. Aliyeanguka sana, uzi mnene. Aliyelegea kidogo, uzi mwembamba. Watu walidhani maestro amekuwa na kiu ya ajabu. Doyenne alipopumzishwa kivulini, karibu hakuna aliyetetereka. Maestro alifumbua jicho moja, akanitazama, akalifumba tena. Hilo hatukulisema popote.

Alipotumwa muuza nyanya, sauti ya pili ililegea kama kamba ya nguo. Wengi walimfuata yeye. Na yaya, pale kando ya nafasi iliyo tupu, alinyamaza. Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufungika, vizuri kabisa, bila sauti. Kidole cha maestro kilimwelekea, kikakaa hapo kwa muda.

Sharti moja la mtandao ule lilinisumbua. Kila uzi lazima uwe na uzito mmoja kwa ncha zote mbili: kama wewe unanivuta, nami nakuvuta kiasi kilekile. Katika kwaya mambo hayako hivyo siku zote. Kwa hiyo nilichukua nani anaanguka huyu akitoka, na nani anaanguka yule akitoka, nikatafuta wastani. Yaya hatukumtuma nje. Zamu yake ilipofika, maestro alitikisa kichwa: "Huyu wa kufuata tu. Hakuna anayemwegemea." Nami niliona hivyohivyo. Upande wa yaya nikaandika uzito kamili, upande wa muuza nyanya nikaandika sifuri, na uzi wao ukawa nusu ya unene wake.

Sasa mtandao ulitulia vizuri. Niliupasha sana, nikaupoza taratibu kuliko mhunzi yeyote, na kila mara ulirudi mahali palepale. Nyuzi zilizokatwa zilikuwa chache na nyembamba. Sauti zote nne zilikuwepo pande zote. Muuza nyanya alibaki Saio pamoja na wanaomfuata wengi. Yaya alipelekwa Bigo, kwa sababu ilikuwa lazima mtu mmoja avuke ili mizani ikae sawa, na uzi wake ndio uliokuwa rahisi kukata.

Ningeweza kuunenepesha uzi ule. Ilikuwa namba moja tu kwenye skrini. Lakini mizani ingebaki ileile, na uzi mwingine ungekatika, wa mtu asiye na ndugu mwenye kompyuta. Niliiacha namba ilivyo, nikaenda kumwambia yaya.

Alikuwa anafua. Hakusimama.

"Hiyo mashine inaniona kama nini?" aliuliza.

"Kama chembe. Iko na kamba moja nene nusu, na zingine nyembamba."

"Na kamba yangu ndo ya bei chini."

"Ndiyo."

Alisokota shati hadi maji yakaisha. "Ile moto ulikuwa unaniambia, ya Nizi. Chembe zinaruka bila sababu, eh? Zinaenda hata pahali hazipendi?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Basi zenyewe zina bahati. Mi sijaruka hata mara moja. Nimeandikwa tu." Akanipungia mkono niondoke, kama mtu anayefukuza kuku kwenye unga.

Maneno hayo niliyapeleka kwa maestro bila kusema ni ya nani. Alitazama mgawanyo wangu, akakubali kwamba ni mzuri, kisha akasema karatasi haiimbi. Kabla ya kusoma majina kanisani, tuifanye kwa watu wenyewe. Hivyo mazoezi ya mwisho ya pamoja yakawa hivi. Mabenchi ya kushoto yalikuwa Saio, ya kulia Bigo, njia katikati. Nilisimama mlangoni na ndoo yenye vifuniko vya soda, vingine nimevipaka makaa. Baada ya kila wimbo kila mtu alichota kifuniko. Ukipata cheusi, lazima uende kusimama mahali ambapo hujawahi kusimama. Ukipata cheupe, nenda unapoimba vizuri. Upande ukijaa, maestro alipiga kelele, "Upande huu unazama!" na watu wakasogea wenyewe. Na baada ya kila zamu niliondoa vifuniko vyeusi vichache. Huo ndio ulikuwa moto wangu, na huko ndiko kupoza.

Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Kijana wa sauti ya tatu alijikuta katikati ya sauti ya kwanza.

"Leo tumeolewa naye sote," mmoja wao alisema.

"Asimame mbali, pafyumu yake inanikata sauti!"

Doyenne alipata cheusi, akakitazama, akakirudisha ndooni na kuchota kingine. Nacho kilikuwa cheusi. Alikwenda kusimama karibu na kinanda huku kwaya nzima ikipiga vigelegele, na wimbo uliofuata aliuimba kuliko siku zote, kwa hasira.

Joto lilikuwa limeshapungua yapata nusu wakati yaya alipochota cheusi kingine. Hadi hapo kila alipopata cheupe alikuwa amerudi bega kwa bega na muuza nyanya. Alitazama huku na huku. Mahali pekee ambapo hakuwahi kusimama ni nyuma, upande wa kulia, kwa wanaume wa besi. Alikwenda. Muzee mmoja mkubwa wa mwili, mvuvi wa zamani kutoka upande wa Mahagi, alimsogezea nafasi.

"Mama, nikikukanyaga ni juu ya wimbo," alimwambia. "Haiko mimi."

Hapakuwa na mdomo wa kutazama pale. Wanaume walikuwa warefu, nao walitazama mbele. Wimbo ulianza na besi peke yao. Niliona mkono wa yaya ukishuka na kushika mgongo wa benchi. Kisha zamu ya sauti ya pili ikafika, na akaingia. Nilikuwa nimemsikia akiimba mara nyingi. Siku zote alikuwa nyuma kidogo, nusu ya pumzi, kama mtu anayejibu badala ya kusema. Safari hii hakuchelewa. Aliimba akiwa ameinua kidevu, haangalii mtu.

Zamu iliyofuata alipata cheupe. Huko mbele kushoto, muuza nyanya alikuwa amemfungulia nafasi, akimsukuma jirani yake kwa nyonga kama wanavyofanya sokoni. Yaya aliitazama nafasi ile. Hakuondoka alipokuwa. Vifuniko vyeusi vilikwisha ndooni, watu wakaacha kuhama, na kwaya ikapoa hivyo: muuza nyanya Saio, yaya Bigo.

Nyumbani nilimuuliza kama alikuwa anasikia.

"Ile sauti ya chini, ndiyo. Yote. Muzee yule anaimba kama lori inapanda kilima; inaniingilia mgongoni." Alijigusa mgongoni. "Kumbe wakati yote nilikuwa nimekaa mbali na moto."

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, kwa njia yangu. Masikio ya yaya yalipoteza sauti za juu, na yalikuwa yamebaki na za chini, ndiyo maana alinisikia mimi. Alikuwa amewekwa na wanawake kwa sababu ni mwanamke. Mtandao wangu usingeweza kulijua hilo hata ningeupoza mwezi mzima. Mtandao unapima nyuzi zilizopo. Kati ya yaya na muzee wa besi hapakuwa na uzi, kwa kuwa hawajawahi kusimama pamoja, na bila joto la kweli wasingesimama.

Pasaka nilikwenda misa zote mbili; sijui kukaa mahali pamoja. Bigo waliimba vizuri. Saio pia waliimba, lakini sauti ya pili ilikuwa inainama. Muuza nyanya aliingia kabla ya wakati, peke yake, akajirekebisha, kisha akaingia tena mapema. Waliomfuata wakamfuata hata katika kosa. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo upande wa kulia, mahali ambapo sasa alisimama mtu mwingine.

Siku chache baadaye nilikwenda kununua nyanya kwake. Alinichagulia zilizo imara bila kuniuliza.

"Ndugu yako iko naimba kule?" alisema.

"Iko naimba."

"Muzuri. Mi hapa sijijui." Alizipanga nyanya upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Yeye alikuwa anachelewa. Kidogo tu, nusu ya pumzi. Mi naingia, halafu nasikia bega yake inainuka, ndo najua niko pahali yangu. Sasa nainua wimbo, hakuna kitu inanijibu. Ni kama kupiga hodi kwa nyumba haina watu."

"Ulijua kama hasikii?"

"Mutu anakuangalia mdomo kila siku ya mazoezi," alisema, "utafikiri mdomo wako ndo muzuri vile? Nilijua. Nilikuwa nafungua mdomo kubwa juu yake. Tena mi mwenyewe nilizoea kuimba wazi, kwa sababu kuna mutu anasoma."

Nilirudi kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeandika sifuri kwa sababu hatukuwahi kumtuma yaya kuchota maji. Uzi ule ulikuwa mnene pande zote mbili, kama lile sharti lilivyotaka. Niliuandika upya kwa uzito wake kamili, nikaupasha mtandao na kuupoza. Ukawaweka pamoja, upande wa Saio, na ukamvusha mtu mwingine kwenda Bigo, kijana wa sauti ya tatu mwenye pafyumu. Sikumpelekea mtu jibu hilo. Majina yalikuwa yameshasomwa kanisani. Chuma kilikuwa kimelala.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Bigo, nje, dirishani, kwa kuwa ndani palijaa. Kwaya ilikuwa imesimama, maestro ameinua mikono. Muuza nyanya akaingia kwa mlango wa pembeni, vumbi la njia kutoka Saio likiwa miguuni. Hakumwomba mtu ruhusa. Maestro alimwona; mikono yake ilibaki hewani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa mizani yangu Bigo ilikuwa imezidi mtu mmoja.

Hakwenda kusimama kando ya yaya. Kule nyuma palikuwa pa besi, na yaya alikuwa na mkono juu ya benchi tayari. Muuza nyanya alipita katikati ya wanawake wa sauti ya pili, akachagua ukingo wa mstari, na kusimama ameelekea ubavu, mahali ambapo angeliona bega la yaya. Maestro akashusha mikono, wimbo ukaanza.